Kuzeeka Si Kuoza: Maneno Yangu kwa Kina Mama Kuhusu Adesi

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi alasiri mbele ya kina mama wa mtaa wetu, Mji wa Kale, Mombasa, siku chache kabla ya mwandamo wa Ramadhani. Wenzetu wengi walikuwa msibani Likoni, wakaniomba niwaandikie. Nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na nyinyi majirani zetu mnaosali kanisani, hamjambo nyote.

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mlioketi barazani kwa kukosa nafasi ndani, nawashukuru kwa kuacha kazi zenu mkaja kusikiliza habari ya adesi. Nimekaa nyuma ya mizani ya duka la nafaka karibu na Marikiti kwa miaka 31. Kabla yangu alikaa babangu. Mengi nitakayosema nimeyajua kwa kushika, kunusa na kutafuna. Mengine nimeyasoma baadaye, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini babangu alifanya mambo yake alivyoyafanya.

Nianze kwa kuwauliza. Ni nani hapa ana mkebe wa adesi nyumbani na hakumbuki zilinunuliwa lini? Nyosheni mikono, msione haya. Naona. Naona mingi. Na ni nani amewahi kupika adesi kutwa nzima, zikakataa kuiva, akazimwaga akisema zimeharibika? Haya. Swali la tatu ni gumu kidogo. Ni nani amewahi kufungua mfuko akakuta punje zimegandamana, zina vumbi la kijani, akazianika juani, akazipangusa, akazipika?

Mikono imepungua. Lakini nimeuza nafaka mtaa huu tangu baadhi yenu mkiletwa dukani mmebebwa mgongoni. Nawajua, na najua maswali mnayoniuliza mkiwa peke yenu.

Hilo ndilo lililonileta. Tunazitupa adesi zilizozeeka, ambazo hazina neno, kisha tunazila zilizoota ukungu, ambazo zaweza kuwa na sumu. Tunatupa chakula, tunakula ugonjwa. Na yote mawili tunayaita kwa jina moja: "zimeharibika." Leo nataka tuyatenganishe. Kuzeeka si kuoza. Semeni nami: kuzeeka si kuoza.

Kwanza tuelewane majina, kwa sababu hapa mjini majina yamewapotosha wengi. Sisi twasema adesi, kama Mwarabu anavyosema adas. Jirani yako aliyetoka bara anaziita kamande. Ukiingia duka la Mhindi, zile nyekundu zilizopasuliwa ni masuri. Mtu akiniambia "nipe dengu" humuuliza mara mbili, maana mmoja anataka zile kubwa za manjano na mwingine wa bara akisema ndengu anataka pojo. Ninazozungumzia mimi ni zile bapa, za duara, zilizobinuka pande zote mbili kama kioo cha miwani. Na hapo hapo niwaambie jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: lenzi ya kamera imepewa jina la punje hii. Kwa Kilatini adesi ni "lens", na waliotengeneza vile vioo waliona umbo ni lilelile.

Ni chakula cha zamani mno. Kimetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 61, pale wana wa Israili walipochoka na mana na salwa wakamtaka Nabii Musa awaombee mboga, matango, vitunguu na adesi. Wenzetu Wakristo wanaijua ile sufuria ya adesi ambayo Esau aliiuzia haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Watu wameweka adesi ghalani kwa maelfu ya miaka, kwa sababu ni katika vyakula vichache vinavyokubali kungoja. Lakini wengi wa hao walikuwa watu wa nchi kavu. Sisi tunakaa kisiwani. Kaskazi ikivuma tunaungua, masika yakiingia hata chumvi kibirikani inalia maji. Adesi mtakazonunua Shaaban hii hazitaisha zote Ramadhani. Zitakazobaki baada ya Idi zitakutana na masika ndani ya kabati lako. Mmeliwaza hilo?

Sasa tuje kwenye kuzeeka.

Miaka kadhaa nyuma, mama mmoja wa Kibokoni aliingia dukani kwangu na bakuli mkononi na mfuko kwapani. Uso umemvimba kwa hasira, na nadhani kwa kulia pia. Mumewe alikuwa kibarua bandarini na kazi ilikuwa imekatika. Alikuwa amenunua kwangu kilo 5 za adesi, akitumai zitawasukuma mwezi. Alizipika tangu adhuhuri mpaka maghribi, gesi ikaisha, na bado zinalia menoni kama changarawe. Akazimwaga kwenye meza yangu. "Umeniuzia uozo," akasema. Nusu ya mfuko alikuwa ameshaitupa jaani.

Nikachukua punje mbichi nikaitafuna. Ikavunjika kwa mlio. Nikanusa mfuko: harufu ya udongo mkavu, basi. Hakuna tundu, hakuna ukungu, hakuna donge. Rangi tu ndiyo iliyofifia, kijani kimeelekea kahawia. Nikamuuliza, mama, unapikia maji gani? Akanijibu kwamba mfereji umekauka wiki ya pili, wanateka kisimani.

Hapo nikaelewa. Visima vya kisiwani kwetu vimechimbwa ndani ya mawe ya matumbawe. Maji yake yamebeba chokaa na chumvi, na ndiyo maana sabuni haitoi povu. Sasa ndani ya punje ya adesi kuna kitu kama gundi kinachozishikanisha nyama zake, kinaitwa pektini. Ukichemsha, gundi hiyo huyeyuka na punje hulainika. Lakini madini ya kwenye chokaa, kalisiamu na mwenzake magnesiamu, yakiikamata ile gundi, huikaza. Utachemsha mpaka kesho. Na adesi zilizokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hujifanyia hayo zenyewe kwa ndani: madini yaliyokuwa yamefungiwa mahali pengine katika punje huachiliwa, yakaenda kuikamata gundi. Kwa hiyo mama yule alikuwa na matatizo mawili kwa pamoja. Adesi zilikuwa kuukuu, na hizo nilimuuzia mimi. Maji yalikuwa ya kisima, na hilo hakuna aliyemwambia.

Nilimkalisha kwenye kigoda. Jioni ile nikaziroweka zilizobaki kwa maji ya mfereji, yale ya chemchemi za Mzima, niliyokuwa nayo mtungini. Kesho yake nikayamwaga yale maji, nikatia mengine safi, nikatia chembe ya magadi kwa ncha ya kijiko, nikainjika sufuria na kuifunika. Sikutia nyanya. Sikutia ukwaju. Sikutia ndimu. Vitu vichachu hivyo navyo huikaza gundi, kwa hivyo vingoje mpaka punje ibonyezeke kwa vidole. Haikupita saa moja zikaiva. Mama yule akalia tena, na mara hii alikuwa akililia ile nusu aliyoitupa jaani. Nilimrudishia thamani yake, maana ilikuwa haki yake.

Jamani, zile adesi zilikuwa chakula. Zilikuwa kuukuu, zilikuwa ngumu, zilikuwa chakula. Zikikaa sana hupungukiwa vitamini na ladha, lakini hazimdhuru mtu. Magadi yenyewe msiyazidishe, yana ladha ya sabuni yakizidi na yanaiua vitamini B1. Chembe tu.

Mtaniuliza, basi zikae muda gani? Mahali pakavu na penye baridi, adesi nzima hukaa miaka miwili mitatu bila kupoteza mengi. Hapa Mombasa mimi huwaambia wateja wangu wazimalize ndani ya mwaka mmoja. Masuri zilizopasuliwa, ambazo hazina ganda la kuzikinga, nawaambia miezi sita. Hizo hazina shida ya kugoma kuiva, lakini mafuta machache yaliyomo ndani yake hukutana na hewa, yakaanza kuvunda. Ukifungua mkebe ukasikia harufu kama ya karanga za mwaka jana, na ukionja punje ina uchungu, hapo usihangaike nazo.

Nije kwenye ukungu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, na mama mwenye mtoto anayelia usitoke, mnyonyeshe hapa hapa.

Babangu alikuwa na desturi moja ambayo nilipokuwa msichana ilinichosha. Kila mwaka kabla ya masika, magunia yote yaondolewe ukutani, kiasi mtu aweze kupita ubavu ubavu, na chini yawekewe mbao. Yote. Hata kama yamebaki mawili. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Mwaka mmoja akaugua akalazwa, tukaachiwa duka mimi na kakangu, na hatukuyahamisha. Mnazijua hizi nyumba zetu za mawe na chokaa. Ukuta unayanywa maji ya mvua nje na kuyatoa jasho ndani. Mwezi wa tano, tulipofika kwenye gunia la adesi la chini kabisa, kakangu aliligusa akaondoa mkono. Lilikuwa na joto. Joto, mama zangu, kama paji la mtoto mwenye homa. Nafaka iliyolowa hupumua, na ule ukungu nao unapumua, gunia zima likawaka ndani kwa ndani. Tulipolipasua, nusu ya chini ilikuwa donge moja la kijani na kijivu.

Mfanyabiashara mmoja jirani akatupa shauri. Zianikeni darini siku tatu, akasema, zipeteni, kisha mzichanganye na adesi nzuri, kidogo kidogo, hakuna atakayejua. Na ni kweli, hakuna ambaye angejua. Tulianza kuzianika.

Babangu akatoka hospitali, akapanda dari kwa mkongojo wake, akaziona. Hakutugombeza. Alituamuru tukodi mkokoteni, tuvuke nazo mpaka shamba la shangazi yetu Kisauni, tuchimbe shimo la kina cha kiuno, tuzifukie gunia zima, zile zilizogandamana na zile za juu zilizoonekana safi. Ile ilikuwa karo yangu ya muhula, mjue. Nikamuuliza, baba, kwa nini hata kuku tusiwape? Akasema, "Kuku naye ataliwa."

Alijuaje? Hakusoma sana. Lakini miaka mingi baadaye nilikuja kusoma habari ya batamzinga wa Uingereza. Mwaka 1960 walikufa zaidi ya 100,000 katika miezi michache, na watu wakawa hawajui ni ugonjwa gani. Hatimaye ikajulikana kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na mashudu yale yalikuwa na kuvu, ndio ukungu huu huu. Ndipo ilipogunduliwa sumu inayoitwa aflatoksini. Siku hizi kwa Kiswahili sumu za aina hii tunaziita sumukuvu. Zinaingia kwenye ini. Mtu akila kidogo kidogo miaka mingi, zinaweza kumletea saratani ya ini. Ng'ombe akizila, zinatokea kwenye maziwa.

Na msidhani ni habari za Ulaya. Mwaka 2004, hapa hapa Kenya, kule Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Yalikuwa mahindi, si adesi. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoongoza kushikwa. Lakini kuvu halichagui jina la nafaka, linachagua unyevu na joto. Na sisi tuna vyote viwili mlangoni.

Sasa sikilizeni. Ukianika, unaondoa nini? Unaondoa maji. Ukipangusa, unaondoa nini? Unaondoa vumbi la juu. Ukichemsha, unaondoa nini? Sumu yenyewe haiondoki kwa moto wa jikoni kwetu. Haina rangi, haina harufu, haina ladha utakayoitambua. Ule ukungu ulikuwa kengele, na wewe ukifuta ukungu umeikata kengele tu.

Kwa hiyo hapa sina huruma. Ukikuta donge, ukikuta utando wa kijani, kijivu au mweusi, ukisikia ile harufu ya kanga iliyokunjwa ikiwa mbichi ikasahauliwa sandukuni, tupa mkebe mzima. Usichague punje. Usimpe kuku, usimpe mbuzi, usimpe maskini. Hilo la maskini nalisema kwa makusudi, kwa sababu nimeona mifuko ya sadaka Ramadhani, na nimeona vilivyotiwa ndani. Kisha osha chombo kwa maji ya moto na sabuni, kikae juani mpaka kikauke kabisa.

Na kabla hujafika huko, jua kupima ukavu. Njia ya babangu ilikuwa jino. Punje kavu inavunjika kwa mlio, punje yenye maji inabonyea. Njia nyingine ni ya chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu, tia adesi, tia chumvi kijiko kimoja, lakini chumvi yenyewe uikaushe kwanza kwenye kikaango, maana chumvi ya Mombasa haiaminiki. Tikisa dakika chache, uiache kidogo. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, adesi zako zina unyevu mwingi mno wa kufungiwa. Zitandaze kwenye jamvi juani. Na zikitoka juani ziache zipoe ndipo uzifunge. Ukizifunga zikiwa moto, ule mvuke utageuka matone chini ya kifuniko, ukawa umejitengenezea masika yako mwenyewe ndani ya mkebe.

Fukusi sasa. Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu fukusi anaonekana, na kinachoonekana hakinitishi sana.

Yule mdudu mdogo wa kahawia unayemwona akitembea juu ya kunde na adesi hali kitu. Mkubwa wake haishi sana, wiki moja mbili tu, na kazi yake ni kutaga. Mayai yake ni vile vidoa vyeupe vilivyogandishwa juu ya punje, mnavyodhani ni uchafu. Funza hutoboa, akaingia, akala ndani kwa ndani, na kwa joto letu baada ya wiki tatu nne anatoka mkubwa kupitia tundu la duara. Kwa hiyo ukiona matundu, kizazi kimoja kimeshapita. Ukiona vidoa tu, hujachelewa. Mara nyingi anatoka shambani au ghalani ameshatagwa, wala si uchafu wa jiko lako. Nasema hivi kwa sababu wasichana wanaoolewa husimangwa kwa fukusi.

Marehemu bibi yangu alikuwa akizipeta kwenye uteo, akazichanganya na majani makavu ya mwarobaini, akalijaza debe mpaka mdomoni, akakaza kifuniko na kuziba ukingo kwa unga uliokandwa. Hakuliacha na nafasi ya kiganja. Sisi tulidhani majani ndiyo dawa, na yanasaidia, lakini kile kifuniko kilikuwa na kazi kubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, pamoja na wenzao wa Kamerun, walitengeneza mfuko wa kunde wenye tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na gunia nje. Ndiyo hii mifuko ya PICS inayouzwa hata hapa kwetu. Haina dawa. Wadudu waliomo ndani wanaimaliza hewa wenyewe, kisha wanadumaa na kufa. Bibi alikuwa akifanya jambo hilohilo na debe la mafuta na unga wa ngano. Majirani zetu wa Kigujarati nao huzipaka dali zao mafuta ya mbarika, nayo huziba pumzi ya mayai.

Ukiwa na friza, kazi ni nyepesi. Zitie kwenye mfuko uliofungwa, zikae siku nne mpaka wiki. Mayai na funza watakufa. Ila ukizitoa usifungue mfuko mpaka zirudi joto la nyumba, ama hewa yetu itazilowesha papo hapo.

Na zilizokwisha bunguliwa? Kama ni chache, zipete, zitie majini, zilizo tupu zitaelea, uziondoe, upike. Hazina sumu. Kama chini ya mkebe kuna unga na kila punje ya tatu ina tundu, hapo ladha imekwisha kuharibiwa na uchafu wao. Hizo ndizo za kuku. Mnaona tofauti? Zilizobunguliwa kuku atakula. Zenye ukungu, kuku asizione.

Na jambo dogo ambalo lingewaokoa wengi: msimimine adesi mpya juu ya zile za zamani. Naliona kila nyumba. Mkebe umebaki robo, mama anarudi sokoni, anamimina. Zile za chini zinakaa miaka, na fukusi wao wanapata chakula kipya. Maliza, osha, kausha, ndipo ujaze. Bandika kijikaratasi cha mwezi ulionunua. Na mkebe usiuweke juu ya friji, pana joto. Wala kando ya jiko, pana mvuke. Rafu ya kati, mbali na ukuta wa nje.

La mwisho ni la kwangu, na linaniuma kulisema.

Ramadhani moja nilipika adesi za nazi, tui zito, bizari, pilipili mbuzi, zikapendwa. Zilibaki nusu sufuria. Saa 1 usiku nikazifunika kwa kawa mezani, nikaenda tarawehe, nikarudi nimechoka, nikalala. Saa 10 usiku nikaamka kupasha daku. Nikanusa. Harufu ilikuwa ya nazi tu. Juu kulikuwa na vipovu vidogo, nikadhani ni mafuta ya tui. Nikazipasha, zikachemka sawasawa, nikampa mjukuu wangu wa miaka sita ambaye mwaka ule alikuwa akijaribu nusu funga yake ya kwanza. Kabla ya jua kuwa kali alikuwa anatapika mpaka nyongo. Tulimkimbiza kwa daktari na Mwenyezi Mungu alitusitiri. Lakini ile sura ya mtoto, ananiuliza kama funga yake imevunjika, sitaisahau.

Muda wa saa 9 kwenye joto la kaskazi. Mimi, mwenye duka la nafaka! Nilijua kila kitu kuhusu adesi kavu, na nilidhani kupasha moto kunafuta makosa. Hakufuti. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Chungu kikipoa polepole zinaamka, zinaongezeka, na baadhi yao huacha sumu ambayo ukiichemsha tena haiondoki. Wali uko hivyo, adesi ziko hivyo.

Basi adesi zilizopikwa zisikae nje zaidi ya muda wa saa 2, na mchana wa kaskazi hesabu muda wa saa 1. Usiingize sufuria nzima ya moto kwenye friji, katikati yake haitapoa mpaka usiku wa manane. Zigawe kwenye sahani pana, uziweke juu ya karai la maji baridi, zikipoa zitie frijini, uzile ndani ya siku tatu au nne. Bora zaidi, chemsha adesi bila tui, na tui ulitie kwenye zile tu mnazokula sasa. Zikiwa na vipovu ambavyo hukuvikoroga, zikiwa na utelezi kwenye upawa, zikiwa na uchachu ambao hukuutia kwa ukwaju, zimechacha. Mwiku wa namna hiyo hauna baraka ya kuuokoa. Na kama hukumbuki zimekaa nje tangu lini, usizionje ili ujue. Mwaga.

Haya. Nimesema vya kutosha na Asri haiko mbali. Hapa mbele yangu kuna vyombo vinne. Kimoja kina adesi za mwezi huu, kimoja za miaka mitatu, kimoja zimetagwa na fukusi, na hiki cha kioo kina ukungu, kimezibwa kwa makusudi, msikifungue, mtazame tu kwa nje. Vile vitatu vizungukeni, mshike, mnuse, mtafune punje mojamoja, kila mtu aseme ni kipi ni kipi. Mama uliye karibu na mlango, anza wewe. Na huo uteo upitishe kwa wale wasichana wa barazani, wapete mbele yetu tuone.